Mbio za Saa Kumi na Mbili

Jumatatu ile nilifika Temeke saa nne kasoro asubuhi nikiwa na laptop yangu, flashi tatu, pini ya nywele na amri mbili za bosi. Pini ndiyo iliyofanya kazi kwanza, lakini ngoja, nisikimbie.

Amri ya kwanza: nakili kila kitu kabla hujagusa kitu. Ya pili: kompyuta ya mshukiwa haiungwi intaneti, hata kwa sekunde moja. Bosi wangu, Kokushubila, au Koku kwa kifupi, alikuwaga polisi miaka ishirini na sita kabla hajafungua ofisi yetu ya upelelezi pale Kinondoni, na amri zake huwa hazielezwi. Unazifuata tu. Mie nimemaliza chuo cha kompyuta mwaka juzi, nina mdomo mrefu, lakini hizo mbili nilikuwa sijawahi kuzivunja.

Ishu yenyewe ilikuwa hivi. Jumamosi jioni, karakana ya Mzee Albano kule Madale ilifunguliwa kwa ufunguo, hakuna kilichovunjwa, na kinyago cha mpingo kikaondoka. Watu kumi na wawili waliobebana, mmoja juu ya mwingine. Marehemu baba yake ndiye aliyeanza kukichonga, yeye akakimalizia. Mpwa wake, Valerian, akasema kwa mdomo wake: saa kumi na mbili na robo jioni alimwona Jabiri anatoka getini na kiroba begani. Jabiri ana miaka ishirini na nne, anajifunza kuchonga pale mwaka wa tatu sasa. Na Jabiri akasema saa hizo alikuwa kwao Temeke, anacheza gemu la magari kwenye kompyuta ya nyumbani. Anacheza na nani? Na mama yake.

Sasa mama mzazi akisema mwanangu alikuwa na mie, nani anamsikiliza?

Mzee Albano hakukimbilia polisi. Alimnyang'anya Jabiri ufunguo na mfuko wa patasi, akaja kwetu, akasema anatupa mpaka Jumatatu saa kumi jioni. Ikifika saa kumi mikono mitupu, anakwenda polisi kuandikisha jina la Jabiri. Alivyokuwa anasema hivyo alikuwa anaangalia sakafu. Yaani mtu anayeomba aambiwe kakosea, jamani, unamjua tu.

"Shikamoo mama," nikasema mlangoni.

"Marahaba. Wewe ndiye mpelelezi?" Bi Hamisa, mama yake Jabiri, alinitazama kuanzia raba mpaka kilemba. "Mbona mdogo hivi? Karibu, mwanangu. Umekunywa chai?"

Bi Hamisa anachapisha kadi za harusi na ratiba za maulidi pale sebuleni. Kompyuta iko kwenye meza ya kona, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama jeneza la bibi kizee. Jabiri alikuwa amekaa chini kaegemea ukuta, anakung'uta vumbi ambalo halipo kwenye suruali. Kidole gumba cha kulia kina kovu la patasi.

"Tuanze," nikamwambia, "nionyeshe hilo gemu."

Akamwangalia mama yake. Mama yake akaangalia chai.

"Nimelifuta," Bi Hamisa akasema.

"Umelifuta? Lini?"

"Jana."

Dah. Nilikaa kwenye stuli bila kukaribishwa. "Mama, hilo gemu ndilo shahidi wa mwanao. Ukimfuta shahidi, watu watasema nini?"

"Ile CD ni feki! Tuliinunua Buguruni, mezani, imechomwa tu. Nikasikia polisi watakuja. Nikasema wakiikuta hiyo, Jabiri ana kesi ya kinyago, mie mwenyewe nitamletea na kesi ya CD?"

"Mama jamani," Jabiri akasema, kashika kichwa.

"Usinijamani. Wewe ungekumbuka?"

Sikuweza kumkasirikia. Nikauliza kama CD yenyewe ipo. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi nayo. Alikuwa ameificha ndani ya hotipoti.

Basi kazi ikaanza. Alivyowasha kompyuta ikalia mlio mmoja mrefu, kioo kikawa cheusi na maandishi meupe. "Subiri niiwekee tarehe," Bi Hamisa akasema, akainama, akachapa vitu haraka haraka kama anavyochapa kadi zake. Mie nilikuwa chini ya meza napambana na kidroo cha CD kilichogoma kutoka. Hapo ndipo pini ya nywele. Unaichomeka kwenye kitundu kidogo, unasukuma, kidroo kinatoka chenyewe.

Amri ya kwanza: nikanakili mafaili yote kwenye flashi. Na pale ndani, kwenye folda la nyaraka, nikaona kitu kilichonifanya nipige makofi. Gemu lilikuwa limefutwa, lakini folda la kumbukumbu za mbio lilikuwa bado lipo. Magemu ya zamani ndivyo yalivyo, ukiyafuta yanaacha historia yao nyuma, kama mpangaji anayehama na kusahau madaftari.

"Kwa hiyo fungua tuone," Jabiri akasema, kwa mara ya kwanza kasimama.

"Halifunguki lenyewe, braza. Linasomwa na gemu tu. Lazima nilirudishe."

"Fundi aliyetuwekea alihamia Mbeya. Mie najua kubonyeza kile kigari kwenye kioo tu," Bi Hamisa akasema.

CD iligoma kwenye asilimia sitini na tatu. Nikaitoa, nikaipangusa kwa pindo la kanga ya Bi Hamisa, kutoka katikati kwenda nje, siyo kuzungusha. Ikagoma tena sitini na tatu. Nikaipangusa kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo. Ikapita. Bi Hamisa akasema Alhamdulillahi kama amezaliwa mjukuu.

Nikabonyeza kigari. Ujumbe: kuna faili la michoro linakosekana. Gemu ni la mwaka 2005, linatafuta kitu ambacho kompyuta za sasa hazikibebi tena. Jabiri akasema, "Washa data kwenye simu, uiunge na kompyuta, ulishushe." Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe, nisiseme uongo. Halafu nikakumbuka amri ya pili. Nikashushia kwenye laptop yangu, nikahamisha kwa flashi. Dakika ishirini badala ya tano. Nikanung'unika kimoyomoyo kuhusu wastaafu na masharti yao.

Nikabonyeza tena. Kioo cheusi, halafu likajifunga. Hapo nikaliambia lifanye kazi kama vile liko kwenye Windows ya zamani. Unabonyeza upande wa kulia, unachagua mwaka wake, unalipatia ruhusa zote. Likafunguka! Muziki ukapiga, magari yakawaka taa, Bi Hamisa akacheka peke yake halafu akajifanya anakohoa.

Likaniuliza jina la dereva mpya.

"Andika tu," Jabiri akasema.

Nikatoa mkono kwenye kibodi kama imenichoma. Dereva mpya maana yake ukurasa mpya, na ukurasa mpya ungekaa juu ya ule wa zamani. Nikalifunga. Nikachukua folda la kumbukumbu kutoka kwenye nakala yangu, nikaliweka mahali gemu linapochungulia, nikafungua upya. Safari hii halikuuliza jina. Likaandika KARIBU TENA MAMA J.

"Mama J ni nani?"

Bi Hamisa akarekebisha ushungi. "Kuna mambo mengine siyo ya kuandikwa kwenye ripoti, mwanangu. Mie nafundisha watoto madrasa."

"Anatushinda wote," Jabiri akasema. "Mtaa mzima hakuna anayemfikia. Anawakatazaga watoto wa watu gemu, halafu mwenyewe..."

"Jabiri!"

Nikafungua ubao wa matokeo. Tarehe ya Jumamosi. Mbio kumi na moja. JABIRI, MAMA J, JABIRI, MAMA J, wanapokezana, kila moja na saa yake. Ya kwanza 11:41. Ya mwisho 12:58. Nikaruka, kweli niliruka, nikampigia bosi kabla miguu haijagusa chini.

"Bosi! Tumepata! Jumamosi, majina yote mawili, saa zote zimeandikwa, kuna ya 12:07, kuna ya 12:11..."

"Noela," Koku akasema, taratibu, kwa ile sauti yake ya Bukoba. "Kumi na mbili na dakika saba kwenye kompyuta ni saa ngapi?"

Nikaangalia tena ubao wa matokeo.

"Saa sita mchana," nikasema.

"Na wizi ulitokea saa ngapi?"

"Kumi na mbili jioni."

"Basi unayo mbio ya mchana. Jioni alikuwa wapi?"

Jabiri alikuwa amesikia. Aliteleza ukutani akarudi chini, na mama yake akaweka kikombe mezani bila kukiangalia, chai ikamwagika kwenye kitambaa. Saa hiyo simu yangu ilikuwa inasema 11:40. Saa tano na dakika arobaini asubuhi. Bado saa nne na kitu.

"Bosi," nikasema, "Jumamosi mchana Jabiri alikuwa wapi?"

"Unaniuliza mimi? Soma maelezo ya Mzee Albano."

Nilikuwa nayo kwenye daftari. Nikasoma kwa sauti: Jabiri alikuwa karakana Madale tangu asubuhi, alinoa patasi zote mbele yangu, nikamruhusu saa saba mchana.

Nikamsikia Koku anavuta kiti.

"Endelea," akasema.

"Saa sita mchana alikuwa Madale, Mzee Albano mwenyewe ndiye shahidi. Hawezi kuwa Madale ananoa na hapo hapo yuko Temeke anaendesha gari. Kwa hiyo kuna anayedanganya, na siyo mtu."

"Au mtu mwingine alicheza kwa jina lake."

"Au hiyo. Ila ngoja."

Nikageuka kwenye kompyuta. Nikatoka kwenye gemu. Kule chini kwenye kona ya kioo, mahali ambapo nilikuwa nimepaangalia asubuhi nzima bila kupaona, saa ilikuwa inasema 5:42. Simu yangu: 11:42.

"Mama," nikasema pole pole, "hii saa nani anaiweka?"

"Mie. Ina ugonjwa. Ukiichomoa umeme inasahau kila kitu, inarudi mwaka 2009. Fundi alisema kuna betri humo ndani imekufa. Kwa hiyo kila asubuhi naiwekea tarehe na saa."

"Na leo uliiwekea saa ngapi?"

"Si saa nne! Ulikuwa umeshafika. Nimeandika nne."

"Nne kabisa? Siyo kumi?"

Akaniangalia kwa huruma, kama naumwa. "Saa nne naandikaje kumi, mwanangu?"

Nikamkumbatia. Sijui hata kwa nini, niliona tu niko shingoni kwake. Dunia nzima ya kompyuta inaanza kuhesabu usiku wa manane, na Bi Hamisa wa Temeke anahesabu jua likichomoza kama sie wote tunavyoongea, na anaandika vile vile anavyoongea. Tofauti ni saa sita. 12:07 yake ni kumi na mbili na dakika saba. Jioni!

"Bosi, umesikia?"

"Nimesikia. Hiyo ni leo. Jumamosi aliweka vipi?"

"Si anawekaga hivyo hivyo..."

"Anawekaga siyo ushahidi."

Nikarudi kwenye ubao. "Kuna mwanya! Kutoka 12:34 mpaka 12:52 hakuna mbio. Magharibi! Walikwenda kuswali magharibi!"

"Tuliswali," Bi Hamisa akasema. "Hilo ni kweli."

"Na adhuhuri inaingia saa ngapi, Noela?" Koku akauliza.

Saa sita na nusu. Mungu wangu. Mwanya ule ule, unakaa kote kote. Huyu bosi wangu hata furaha ya dakika moja hakupi.

"Tafuta kitu cha Jumamosi chenye saa mbili," akasema. "Ya kompyuta na ya nje. Mimi nakwenda kumchukua mzee. Hapana, mpwa wake ana gari, nitawaambia wanipitie. Tutakuja nao huko huko." Akakata.

Saa mbili kwenye kitu kimoja. Nikazunguka sebule mara tatu. "Mama, Jumamosi ulichapa nini?"

"Kadi ya kitchen party ya Raudha, binti wa jirani."

"Ulimtumiaje aione? Intaneti si hamna?"

"Nikapiga picha kioo kwa simu. Nikamtumia mama yake WhatsApp."

"Nionyeshe."

Alitafuta simu chini ya mto, akatafuta miwani, akatafuta jina la mama Raudha. Nilitamani kumpokonya, nikaikalia mikono yangu. Picha ikafunguka. Kadi ya zambarau, maua, mstari mmoja umepinda. Na chini, kwenye kona ya kioo, kidogo lakini kinasomeka, 8:13 na tarehe ya Jumamosi. Pembeni ya picha WhatsApp imeandika muda iliotumwa: 14:15. Saa nane na robo mchana. Tofauti ile ile ya saa sita.

Na sasa elewa amri ya pili ya bosi. Ningewasha data pale asubuhi, kompyuta ingechukua saa ya mtandaoni, ingejirekebisha yenyewe, na mie ningekuwa nimeifuta saa ya Bi Hamisa kwa kidole changu bila hata kujua ilikuwepo. Nilishika tama.

Wakafika saa nane na nusu. Koku aliingia kwanza, mfupi, mkoba kwapani. Nyuma yake Mzee Albano, mikono yake imejaa alama nyeupe za miaka ya patasi, anabeba mfuko wa turubai. Valerian alibaki nje kwenye gari. Alisema uchochoro ni mwembamba, akiliacha watalikwaruza.

"Shikamoo fundi," Jabiri akasema. Alisimama wima kama yuko mbele ya hakimu.

"Marahaba." Mzee hakumwangalia.

Nikawaonyesha moja moja, simwambii mtu aamini kitu. Saa ya kona. Picha ya kadi. Maelezo yake mwenyewe ya Jumamosi mchana. Ubao. Alifuata kwa kidole, anasoma midomo ikicheza. Alipofika kwenye mbio ya JABIRI ya 12:16, ambayo ni kumi na mbili na robo na dakika moja jioni, kidole kikasimama.

"Jina mtu yeyote anaweza kuandika," akasema. "Nitajuaje ni yeye?"

Koku akanitazama. Mie nilikuwa nalisubiri hilo swali tangu adhuhuri, jamani, nilikuwa nimeshaliandaa.

"Gemu linahifadhi picha ya mbio, mzee. Gari linajirudia lenyewe, kama lilivyoendeshwa. Hii ndiyo ya kumi na mbili na robo."

Nikabonyeza. Gari jekundu likatoka. Bi Hamisa akasogea. Barabara imenyooka, gari linakwenda vizuri, halafu kona ya kwanza: likasita. Kidogo tu, kama limekumbuka kitu. Halafu likakata mara moja, kwa nguvu, likatoka kona safi. Kona ya pili, vile vile. Linasita, linakata.

Mzee Albano alikuwa ameinama mpaka pua inakaribia kioo.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Likasita. Likakata.

"Miaka mitatu," akasema mzee. "Miaka mitatu namwambia huyu kijana, ukifika kwenye mviringo usisimamishe patasi. Mti unasikia woga wako. Ingia tu. Hasikii. Kila bega la kinyago, kila goti, anasita, halafu anakata. Nikipapasa kazi gizani najua hii ni ya Jabiri." Akanyoosha mgongo. "Huyo ndiye. Huyo ni yeye kabisa."

Jabiri alikuwa analia bila sauti, anajifuta kwa kiganja kama mtoto. Mzee Albano akaweka mfuko wa turubai mezani, mbele ya kibodi, na patasi zikagongana ndani.

"Zimepata kutu kidogo mikononi mwangu," akasema. "Utazinoa."

"Nitazinoa, fundi."

"Mahakamani hiyo ya kusita isingesimama," Koku akasema, anafunga mkoba. "Ila picha ya kadi ingesimama. Mzee, ukiacha wako, funguo za karakana ni ngapi?"

"Mbili."

"Mmoja alikuwa nao Jabiri. Na Jabiri saa kumi na mbili na robo alikuwa hapa."

"Alikuwa hapa," mzee akakubali.

"Wa pili anao nani?"

Niliona Mzee Albano anavyolijua jibu na anavyolikataa, kwa wakati mmoja. Mtu pekee aliyemwona Jabiri getini. Mtoto wa dada yake, aliyekuwa aachiwe karakana. Alitafuta kiti kwa mkono bila kuangalia nyuma, na Jabiri akakisogeza chini yake kabla hajaanguka.

Nje, honi ikalia mara mbili.

"Mjomba!" Valerian akaita kutoka kwenye gari, sauti nyepesi kabisa. "Twende basi, tutachelewa polisi!"

Honi ikalia tena. Mzee Albano akaniangalia mie, sijui kwa nini mie.

"Nenda mwanangu," akasema. "Mwambie aingie. Mwambie mjomba wake anataka aone mbio."

Bi Hamisa alikuwa ameshainuka. Akachukua kikombe cha sita, akakipangusa, akamimina chai.